Usilete sifuri: kuanza dekathloni na heptathloni ukiwa Dar

Kijana akija kwangu akitaka kujifunza dekathloni, yaani mashindano ya matukio 10 ya riadha, simwulizi anachokijua. Namwuliza anachokichukia. Mmoja atataja tufe, mwingine viunzi. Wavulana karibu wote wataishia kwenye mita 1,500 na wasichana kwenye mita 800. Basi tunaanza na hilo hilo analolichukia, maana pointi anazozipoteza zipo huko. Kocha wa mbio fupi ana haki ya kulea kipaji kimoja mpaka kiive. Sisi wa matukio mengi kazi yetu ni kuziba matundu.

Nafundisha michezo sekondari, Temeke. Jioni na Jumamosi nina kundi la wavulana na wasichana ambao wengi wao walipita UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wakiwa na tukio moja tu mkononi, na ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wao. Yatamfaa pia mwalimu mwenzangu mwenye uwanja wa vumbi, filimbi na bajeti ya chokaa tu.

Unachoingia

Dekathloni ni ya siku 2. Siku ya kwanza: mita 100, kuruka chini, tufe, kuruka juu, mita 400. Siku ya pili: mita 110 viunzi, kisahani, upondo (kuruka juu kwa mti mrefu), mkuki, mita 1,500. Heptathloni ya wanawake, yenye matukio 7, inaanza na mita 100 viunzi, kuruka juu, tufe na mita 200. Kesho yake kuruka chini, mkuki na mita 800. Mpangilio ndio huo huo kila mahali duniani, kwa hiyo uukariri mpaka mwili uuzoee.

Kuna kanuni chache ambazo wanaotoka kwenye tukio moja hawazijui. Kwenye kuruka chini na mitupo una majaribio 3 tu, hakuna ya nne. Kwenye mbio, anayechomoka kabla ya mlio mara ya kwanza hatolewi, lakini onyo linakuwa la wote mlio kwenye mstari. Atakayerudia anatolewa hata kama la kwanza halikuwa lake. Kwa hiyo jirani yako akichomoka, tulia, ngoja mlio uusikie kabisa. Ukitolewa kwenye mbio au ukikosa matokeo kwenye tukio, unapata sifuri na unaendelea. Ila ukisusa, usipoanza kabisa tukio lolote, umejitoa kwenye mashindano yote. Nimeshaona mtoto analia pembeni kwa sababu ya kuruka juu na anakataa kwenda kwenye mita 400. Mnyanyue aende, hata akimbie taratibu.

Hesabu kwanza, tizi baadaye

Fungua kikokotoo cha simu, kile chenye alama ya kipeo. Kwa mita 100 za wanaume chukua 18, toa sekunde zako, jibu lipandishe kwa kipeo cha 1.81, kisha zidisha kwa 25.4347. Sekunde 12.00 zinatoa pointi 651. Kama mmepima kwa saa ya mkononi, ongeza kwanza sekunde 0.24, la sivyo mnajidanganya. Kila tukio lina namba zake tatu za namna hiyo, na majedwali ya World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, yapo mtandaoni bure.

Sasa chukua daftari ujiulize pointi zako za bei rahisi ziko wapi. Mvulana wa sekunde 12.00 akishuka hadi 11.80 anaongeza pointi 40, na wote tunajua jasho linalomwagika kupata hizo sekunde 0.2. Mvulana huyo huyo akitoka mita 9 hadi 10 kwenye tufe anaongeza 60. Mkuki kutoka mita 35 hadi 40, pointi 72. Mita 1,500 kutoka dakika 5:00 hadi 4:40, pointi 120. Kwa msichana, mita 800 kutoka 2:50 hadi 2:40 ni pointi 109. Anayeanza anaweza kuongeza mita nzima ya tufe kwa kufundishwa miguu tu, bila kuwa na nguvu zaidi ya alizonazo. Huko ndiko saa zako za mazoezi ziende, hata kama rafiki zako wanapenda kukuona ukichapa mita 100.

Sifuri ndiyo mbaya kuliko zote. Kijana anayeruka chini mita 5.50 ana pointi 481. Akipiga fauli 3, pointi zote hizo zimeyeyuka. Ili azirudishe kwenye mita 100 peke yake, ingebidi atoke sekunde 12.00 akimbie 9.85, na rekodi ya dunia ya Usain Bolt, ya Berlin mwaka 2009, ni 9.58. Wakubwa pia yanawapata. Agosti 2018, kwenye mashindano ya Ulaya huko huko Berlin, Mfaransa Kevin Mayer alipiga fauli zote 3 za kuruka chini akajitoa. Mwezi uliofuata, Talence, Ufaransa, aliruka 7.80 na kumaliza na pointi 9,126, rekodi ya dunia. Ni mguu ule ule na ubao wa upana ule ule.

Kitu kimoja kuhusu siku ile ya Talence nakipenda kuwaonyesha vijana. Mita 1,500 Mayer alitumia 4:36.11. Filbert Bayi wetu alikimbia 3:32.2 Christchurch mwaka 1974. Yaani mwenye rekodi ya dunia ya dekathloni angeachwa na Bayi kwa zaidi ya dakika nzima, na bado ndiye bora. Hakuna anayekuomba uwe Bayi. Unaombwa usiwe mbovu popote.

Kuruka chini: alama yako ya kuanzia

Hapa nakaa sana, maana sifuri nyingi zinatokea hapa.

Simama kwenye ubao, mgongo ukiwa umeelekea shimo la mchanga. Kimbia kutoka ubaoni kwenda nyuma, kasi ile ile utakayoijia, ukianza na mguu utakaoanza nao siku ya mashindano. Mwenzako ahesabu hatua na aweke kifuniko cha soda pale mguu wa hatua ya 13 unapotua. Rudia mara kadhaa, ukipumzika vizuri katikati. Vifuniko vitatawanyika; achana na kile kilichokimbilia mbali peke yake, chukua pale vilipojazana, weka alama, kisha pima kwa futi kamba kutoka ubaoni. Andika kipimo hicho kwenye daftari na nyuma ya kadi yako ya kliniki ukitaka, ili mradi kisipotee. Halafu pima tena kwa nyayo, kisigino kwa kidole, kwa sababu siku utakayosahau futi kamba nyumbani nyayo utakuwa nazo.

Sasa geuka, uanze kwenye alama ukimbilie ubao. Mwenzako asiangalie unaporuka kwenda wapi, macho yake yawe kwenye ubao tu. Ukiwa umepita kwa sentimita 12, alama inarudi nyuma sentimita 12. Usijaribu kurekebisha kwa kubana hatua za mwisho. Ukibana, kasi imekwisha. Mbele ya ubao tandaza mchanga mbichi uliosawazishwa kwa kiganja, utaonyesha hata ncha ya kiatu.

Siku ya mashindano, jaribio la kwanza rudisha alama nyuma sentimita 10 au 20 makusudi. Kwa mtu wa mita 5.50, kupoteza sentimita 10 ni kupoteza pointi 20 tu. Ukishaandikiwa namba yoyote kwenye karatasi ya mwamuzi, la pili na la tatu ruka kwa moyo wote.

Na upepo uujue. Hapa Dar asubuhi mara nyingi kumetulia, mchana bahari inaanza kupuliza. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi, kusi ndiyo ya katikati ya mwaka. Uwanja wako umelala upande gani? Upepo ukikusukuma mgongoni hatua zinarefuka, rudisha alama nyuma. Ukikupiga usoni, isogeze mbele.

Mitupo bila stoo ya vifaa

Tufe la kijana wa kiume wa chini ya miaka 18 ni kilo 5, la msichana kilo 3. Wanaume wakubwa ni kilo 7.26, wanawake kilo 4. Huna tufe? Tafuta jiwe la mviringo, lipeleke dukani kwa Mangi akupimie kwenye mizani ya mchele. Atacheka, lakini atapima.

Tufe linakaa shingoni, chini ya taya, kiwiko kimenyanyuliwa. Linasukumwa, halirushwi kama mpira. Mwenye kulirusha atakuja kuniambia bega linauma. Anza kwa kusimama tu, bila kuteleza wala kuzunguka. Uzito wote kwenye mguu wa nyuma uliokunjwa, kifua kimegeukia nyuma. Kisha sukuma ardhi kama unavyosukuma bajaji iliyokwama kwenye tope la masika: mguu kwanza, nyonga ifuate, mkono uwe wa mwisho. Ukiona mkono umetangulia, simamisha, rudia pole pole.

Kisahani tunaanza na tairi kuukuu la bodaboda. Unalishika kwa mkono ulionyooka na kulizungusha, nalo linakufundisha kuuacha mkono nyuma huku nyonga ikitangulia. Wasiojua hili wanakaa wanapigana na kisahani kinachopepea hovyo.

Mkuki ni habari nyingine, na kwenye mkuki mimi ni mkali. Hakuna anayetupa mpaka nipige filimbi, na hakuna anayeenda kuokota mpaka wote mmemaliza. Mnaenda pamoja, mkitembea. Mkuki unang'olewa kwa kuusimamisha wima kwanza, na unabebwa wima, ncha chini. Uwanja wetu una watoto wanaokatiza kwenda kisimani na wauza maji. Mtu mmoja asimame kule mwisho, kazi yake iwe hiyo tu. Kujifunza mkono, anza na mpira wa tenisi dhidi ya ukuta, kisha fimbo ya mwanzi isiyo na ncha. Kiwiko kipite juu karibu na sikio. Kutupa kwa mkono wa pembeni kunaharibu kiwiko, na kiwiko kikiharibika umeaga mkuki.

Swali ninaloulizwa sana: mkuki unapandaje daladala? Wa wanaume una urefu wa mita 2.60 hadi 2.70. Panda kituo cha mwanzo, mapema, funga ncha kwa kitambaa na mpira wa ndani wa baiskeli, na zungumza na konda kabla hujapanda. Asipokubali, sogea kwa wa nyuma yake. Usibishane.

Viunzi

Kiunzi cha dukani ni ghali na kikigongwa kinaumiza anayeanza. Nunua bomba za plastiki za nusu inchi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kona na tii zake, ukate ufanye miguu miwili. Gundi iende chini tu. Bomba la juu lilale bila kubanwa, lidondoke likiguswa. Mafundi wa Keko wanaweza kukutengenezea vya mbao baadaye, mkishapata mfadhili.

Umbali rasmi kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 9.14 kwa wanaume na 8.50 kwa wanawake, lakini wewe usianze huko. Weka viwe vya chini, urefu wa goti, umbali wa mita 7 hivi, ili hatua 3 zitoshe kati ya kiunzi na kiunzi. Hatua 3, mguu ule ule ndio unaotangulia kila mara. Ukishaanza kuweka hatua 4 unabadilisha miguu, na ukiweka 5 unadundadunda. Ni heri kiunzi kifupi na mdundo sahihi kuliko urefu rasmi na vurugu. Ongeza umbali kidogo kidogo mdundo ukikaa.

Kuruka juu na upondo

Usiruhusu mtu aruke kwa mgongo kama huna godoro nene la kuruka juu. Mtindo wa mgongo aliouleta Dick Fosbury Mexico mwaka 1968 ulitaka pa kuangukia palipo laini, na mchanga si laini kwa shingo. Kwenye mchanga ruka kwa mkasi: unakuja kwa pembeni, mguu wa karibu na ufito unatangulia, wa pili unafuata, unatua kwa miguu. Wapo watakaokwambia ni mtindo wa kizamani. Mvulana anayepita mita 1.60 kwa mkasi ana pointi 464, hakuna atakayemwuliza alipitaje.

Upondo ndio unaotutesa. Bila godoro lake na kijishimo cha kuutia, usipande juu. Kinachowezekana ni kujifunza mwanzo wake: mwanzi mnene uliokauka, usio na ufa, uliozungushiwa utepe mahali pa mikono, na shimo la kuruka chini lililojazwa mchanga vizuri. Shika chini, kimbia, chomeka mwanzi mchangani, uninginie na kutua mbele kwa miguu. Kagua mwanzi kila siku kabla ya kuanza. Ukisikia mlio wa kupasuka, utupe. Msidharau mwanzi: Cornelius Warmerdam wa Marekani aliruka mita 4.77 kwa mwanzi mwaka 1942. Na ukipita mita 2.00 tu siku ya mashindano, ni pointi 140 ambazo aliyeogopa hana.

Wiki yako

Siku nne zinatosha kwa anayesoma. Jumatatu mbio fupi na viunzi, maana mwili umepumzika. Jumanne tufe na kisahani. Alhamisi miruko, ukiwa na miguu mipya. Jumamosi mkuki mapema, kisha mbio ndefu mkiwa mmechoka, kwa sababu siku ya mashindano mtazikimbia mkiwa mmechoka. Januari na Februari tunaanza saa 12 asubuhi na saa 2 tumeshafunga. Jua la Dar halina mjadala. Masika uwanja ukijaa maji, nendeni ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mkimbie kwenye mchanga mgumu karibu na maji. Mchanga laini unachosha vifundo vya miguu, uwe wa dakika chache tu.

Kila baada ya muda fanyeni shindano dogo la mchana mmoja: mita 100, kuruka chini, tufe, kuruka juu, mita 800, kwa mpangilio huo, na pointi zihesabiwe pale pale. Ndipo utaona nani anajua kupumzika.

Siku mbili zenyewe

Kati ya tukio na tukio kuna angalau dakika 30, na kati ya siku ya kwanza na ya pili angalau saa 10. Wanaoanza huzimaliza dakika hizo wakipiga soga juani na kushangilia wenzao. Tukio likiisha: vua viatu, kaa kivulini, kunywa maji kidogo kidogo, kula kitu kidogo. Ndizi mbivu, kipande cha mkate, tende. Dafu ni zuri. Chipsi mayai iache mpaka jioni ya siku ya pili, tafadhali. Kanga iliyoloweshwa shingoni inapoza kuliko feni; mvulana anayeona aibu kuvaa kanga atazoea. Soksi kavu za kubadilisha zisikose. Dakika 15 kabla ya kuitwa, nyanyuka upashe mwili tena, kwa muda mfupi, kwa miondoko ya tukio linalokuja.

Usiku wa katikati lala kwa ndugu aliye karibu na uwanja. Kama uwanja ni ule wa Uhuru au wa Benjamin Mkapa na wewe unakaa Bunju, foleni itakula usingizi wako wote.

Tukio likiharibika, daftari lifungwe. Nawaonyesha mfano wa Larbi Bourrada wa Algeria, aliyemaliza wa tano Rio mwaka 2016 kwa pointi 8,521, na Margaret Simpson wa Ghana aliyechukua shaba ya heptathloni Helsinki mwaka 2005. Waafrika hawa hawakuwa na siku isiyo na tukio bovu. Walikuwa na tukio linalofuata.

Mita 1,500 za mwisho

Kabla hujapanga mstari, pata karatasi ya pointi. Kwa kasi ya wanaoanza, kila sekunde 1 ya mita 1,500 ni takriban pointi 6. Mpinzani akiwa mbele yako kwa pointi 60, lazima umpige kwa sekunde 10, yaani umwache kama mita 50. Akiwa nyuma yako kwa pointi 60, mganda mgongoni tu, usikubali akuache.

Ukilenga dakika 5:00, kila mzunguko ni sekunde 80: mita 400 kwa 1:20, mita 800 kwa 2:40, mita 1,200 kwa 4:00, na mita 300 za mwisho kwa dakika 1. Mwenzako asimame pale ulipoanzia mbio akusomee muda kwa sauti kila ukipita. Akisema 1:10 kwenye mzunguko wa kwanza, punguza hapo hapo, maana mzunguko wa tatu utakudai na riba. Ukifika mita 1,200 ukiwa na 4:00 au chini ya hapo, toa kila kilichobaki, kwa sababu hakuna tukio la 11.